Naamka saa nane usiku na silali tena: mazoezi ya pole pole yatanirudishia usingizi?

SWALI: Nina miaka 69, ni mwalimu mstaafu, naishi Tanga na wajukuu wawili. Tangu mzee wangu afariki miaka miwili iliyopita, usingizi wangu umeharibika. Napanda kitandani saa tatu usiku, nalala vizuri tu, lakini ikifika saa nane niko macho, na ndiyo basi mpaka adhana ya Alfajiri. Mchana nasinzia ovyo. Nina presha, natumia dawa mbili, na magoti yananiuma. Mwaka jana niliandikiwa diazepam ya kunipa usingizi, mpaka leo nameza nusu kidonge kila usiku. Binti yangu aliye Uingereza amenitumia video ya wazee wa Kichina wakifanya mazoezi ya pole pole bustanini, anasema yanaleta usingizi. Ni kweli? Hayo si ibada ya watu? Na nikiamka saa nane, niyafanye muda huo huo?

JIBU: Shikamoo mama. Pole sana kwa kuondokewa na mzee. Ahsante kwa kuzitaja saa zako moja moja, maana jibu langu limeegemea hapo kuliko kwenye video.

Ndiyo, mazoezi yale yanasaidia usingizi wa watu wa umri wako, na jambo hilo limepimwa mara nyingi. Lakini usiyachukulie kama kidonge. Ukiyafanya leo jioni usitegemee kulala mpaka alfajiri usiku huu huu. Yanataka miezi mitatu hivi ya kufululiza, na yanataka kwanza tuupange usiku wako upya, kwa sababu kwa ratiba uliyonayo sasa hata ukifanya mazoezi ya kila namna, saa nane itakukuta macho.

Tupige hesabu, mwalimu. Kuanzia saa tatu usiku mpaka saa nane ni muda wa saa tano. Mchana unasinzia. Wazee wengi ninaowahudumia kwenye fiziotherapia wanaposema "nasinzia ovyo", ukiwauliza watoto wa nyumbani unaambiwa ni saa nzima na zaidi baada ya chakula cha mchana, na tena nusu saa kwenye kochi baada ya Magharibi huku televisheni ikiwaka. Jumlisha yote, unakaribia saa saba. Kwa mtu aliyevuka miaka 65, saa saba hadi nane kwa siku zinatosha. Kwa hiyo usingizi wako upo, ila umekatwa vipande na kipande kikubwa umekila mapema mno. Saa nane mwili wako unaamka kwa sababu umeshashiba sehemu yake.

Umri nao una mkono wake. Usingizi mzito, ule ambao hata mtu akifungua mlango husikii, hupungua kadiri tunavyozeeka. Saa ya ndani ya mwili pia huwahi: jioni macho yanakuwa mazito mapema na usiku yanafunguka mapema. Hilo si ugonjwa. Linakuwa tatizo pale mtu anapolifuata, akapanda kitandani kila siku mapema zaidi kwa kudhani anafidia usiku uliopita.

Basi hatua ya kwanza haina hata mazoezi. Saa ya kupanda kitandani iwe saa nne na nusu usiku, na saa ya kuamka iwe ile ile ya Alfajiri, kila siku, hata kama usiku ulikuwa mbaya. Ukishaswali Isha usiende chumbani. Kaa na wajukuu, kagua madaftari yao, fanya kitu cha kukuweka macho. Kailula usiiache, ni mazoea mema, lakini iwe ya dakika ishirini au thelathini na iishe kabla ya Laasiri. Ile ya kwenye kochi baada ya Magharibi ndiyo mwizi mkubwa, na hiyo naomba uiondoe kabisa. Chai na kahawa zisivuke saa nane mchana.

Sasa tuje kwenye video. Yale mazoezi yanaitwa taichi. Yalizaliwa kwenye sanaa ya kujihami ya China, na ile ambayo wazee hufanya bustanini mara nyingi ni ya mijongeo 24 iliyopangwa mwaka 1956 na kamisheni ya michezo ya serikali ya China, ili mwananchi wa kawaida aifanye kwa ajili ya afya. Mwaka 2004 Fuzhong Li na wenzake huko Oregon, Marekani, walichapisha utafiti wa wazee 118 wenye miaka 60 hadi 92 waliokuwa wakilalamikia usingizi. Kundi moja lilifundishwa taichi, jingine mazoezi mepesi ya kawaida, wote saa moja kwa kipindi, mara tatu kwa wiki, kwa wiki 24. Wa taichi walisema wanapata usingizi kama dakika 18 mapema na wanalala kama dakika 48 zaidi kwa usiku kuliko wenzao. Mwaka 2008 Michael Irwin na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walipata matokeo ya kuelekea huko huko kwa wazee 112, safari hii wakiilinganisha taichi na darasa la elimu ya afya.

Mtu makini atauliza: hao si waliulizwa tu wakajibu wanavyojisikia? Ni kweli, na ndiyo maana mimi nauamini zaidi utafiti wa Hong Kong uliotoka mwaka 2021. Humo walikuwamo watu 320 wenye miaka 60 na kuendelea, wote wakiwa na tatizo la kukosa usingizi, na walivishwa kifaa mkononi kinachorekodi mwili unapotulia na unapojigeuza usiku kucha. Kundi la kwanza lilifanya taichi, la pili mazoezi ya kawaida ya kutembea kwa kasi na kuimarisha misuli, la tatu halikupewa mazoezi. Baada ya wiki 12, makundi yote mawili yaliyofanya mazoezi yalikuwa yanalala vizuri zaidi kuliko la tatu, na nafuu hiyo ilionekana hata miezi 24 baadaye.

Nataka usikie vizuri hapo, mama: makundi yote mawili. Hakuna lazima ya kufanya ya Kichina. Ungekuwa na magoti mazima na ukaniambia unapenda kutembea ufukweni kila jioni, ningekuambia tembea. Nakuelekeza kwenye taichi kwa sababu ya magoti yako, presha yako na hiyo safari ya kwenda msalani gizani ukiwa umemeza diazepam. Mapitio makubwa ya tafiti za kuzuia kuanguka, yaliyotolewa mwaka 2019, yalikuta taichi inapunguza kuanguka kwa wazee kwa karibu moja ya tano. Na kuhusu magoti, mwaka 2016 Chenchen Wang na wenzake wa Boston waliilinganisha taichi na fiziotherapia ya kawaida kwa watu 204 wenye magoti yaliyochakaa. Baada ya wiki 12 maumivu yalikuwa yamepungua karibu sawa kwa pande zote mbili. Nayasema haya nikiwa mtu wa fiziotherapia, na kwa furaha, maana taichi mtu anaweza kuendelea nayo nyumbani kwake bila gharama ya nauli wala kliniki.

Inaletaje usingizi? Kwa njia zaidi ya moja. Mwili uliotumika mchana unajijengea hamu ya kulala usiku, na mtu aliyestaafu, aliyezoea kusimama mbele ya ubao siku nzima kisha akaacha ghafla, hamu hiyo humpungua sana. Pili ni pumzi. Ukipumua pole pole, kutoa kukiwa kurefu kuliko kuvuta, neva inayoitwa vagasi, inayoshuka kutoka kwenye ubongo mpaka moyoni na tumboni, inaupunguzia moyo mwendo. Jaribu sasa hivi: vuta kwa hesabu ya nne, toa kwa hesabu ya sita. Hizo ni sekunde kumi, yaani pumzi sita kwa dakika. Wengi wetu tunapumua mara kumi na mbili au zaidi. Tatu ni mawazo. Mjongeo wa taichi unataka ufuate mguu gani umebeba uzito na mkono uko wapi, na kwa nusu saa hiyo akili haina nafasi ya kurudia yale yale. Ukifanya hivyo kila siku, mwili unajifunza njia ya kushuka kutoka kwenye wasiwasi, na usiku unaikumbuka.

Umeuliza kama ni ibada. Taichi ina asili yake katika falsafa ya Kichina ya mambo mawili yanayokamilishana, hilo sikufichi, lakini mazoezi yenyewe hayana dua, sanamu wala mtu wa kuabudiwa; ni kusogea na kupumua. Wengi huichanganya na yoga, mazoezi mengine ya kunyoosha viungo: hiyo ina mizizi ndani ya dini za India, na baadhi ya walimu wake huanza kwa kuimba maneno ya dini hizo, ingawa wengine hufundisha kunyoosha viungo tu. Mimi si mtu wa kutoa fatwa. Moyo ukibaki na shaka, muulize sheikh wako ukimweleza hasa kinachofanyika, kwamba ni kuinua mikono na kuhamisha uzito. Na niongeze hili: akina mama wengi wa umri wako wamehamia kuswali kwenye kiti kwa sababu ya magoti. Mmoja mmoja, baada ya miezi ya kuimarisha mapaja, hurudi kusujudu chini. Kama na wewe umefika huko kwenye kiti, tuliweke hilo kuwa lengo la pili.

Wakati wa kufanya. Kwenye video ni asubuhi, kwako nataka iwe jioni, kati ya Laasiri na Magharibi, nje, kwenye mwanga. Mwanga wa alfajiri huiwahisha saa ya mwili, na yako imewahi tayari. Wa jioni huelekea kuichelewesha. Isitoshe, jioni ndiyo muda ambao kochi linakuita.

Namna ya kuanza: chukua kiti kizito cha mbao, ukiegemeze ukutani ili kisikimbie, usimame nyuma yake au pembeni mahali unapoweza kukishika. Mkeka uondoe, unateleza juu ya saruji na marumaru. Kandambili vua, peku ni bora, au kiatu cha kufunga. Miguu iachane kwa upana wa nyonga, magoti yalegee kidogo yasikazwe. Sasa hamisha uzito kwenda mguu wa kulia, pole pole kiasi kwamba mtu aliye mlangoni asijue kama umeanza. Utasikia unyayo wa kulia unajaa, kisigino, kisha ukingo wa nje, kisha kidole gumba, na wa kushoto unakuwa mwepesi mpaka ungeweza kupitisha karatasi chini yake. Hapo tulia pumzi moja nzima. Kisha rudi katikati, uende kushoto. Goti liangalie kule vidole vya mguu vinakoangalia. Likiingia ndani ndipo linapouma. Fanya mara nane kila upande. Wiki ya kwanza huo peke yake unatosha.

Ukishauzoea, ongeza mikono: ukivuta pumzi inyanyue mbele mpaka usawa wa kifua, ukitoa ishushe kama unakandamiza maji. Halafu hatua ya pembeni, halafu kugeuza kiuno huku uso ukifuata mkono. Usibane pumzi hata mara moja, kwa sababu kubana pumzi kunapandisha presha. Usishuke chini kuliko goti linavyokubali. Maumivu kidogo yanayoisha ukipumzika hayana shida. Goti likivimba au likiuma mpaka kesho yake, punguza. Siku mwili haukai sawa, fanya ukiwa umeketi, mikono na pumzi tu, na isihesabiwe kuwa siku iliyopotea. Anza na dakika kumi kila siku, upande taratibu mpaka nusu saa. Waliofanyiwa tafiti walifika saa moja mara tatu kwa wiki, nawe utafika huko bila haraka. Binti yako akutafutie video za wanaoanza, zenye mwalimu anayeonekana mwili mzima, na mjukuu mmoja asimame karibu wiki za mwanzo. Ukipata majirani wawili watatu wa rika lako, fanyeni pamoja. Wanaokutana huendelea, wanaofanya peke yao wengi huacha.

Kabla ya yote hayo, rudi kliniki kwa mambo manne. Kwanza, dawa za presha: hukuzitaja. Kama moja ni ya kukojosha na unaimeza jioni, huenda ndiyo inayokuamsha; muulize daktari kama inaweza kuhamishiwa asubuhi. Kama ni amlodipine na miguu inavimba jioni, yale maji yanarudi kwenye damu ukilala na kuwa mkojo. Inua miguu juu ya mto kwa saa moja alasiri, na umwambie daktari. Pili, pima sukari kama hujapima karibuni. Tatu, waulize wajukuu kama unakoroma na kuna wakati pumzi inakatika kisha unashtuka. Tatizo hilo lina tiba yake na taichi hailiwezi, na kidonge cha usingizi kinalizidisha.

La nne nalisema kwa upole. Kuamka usiku wa manane na kushindwa kurudi usingizini ni mojawapo ya dalili za sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, na umesema yote yalianza mzee alipofariki. Kama chakula hakina ladha, kama mambo uliyoyapenda hayakuvutii, kama unaona afadhali na wewe ungetangulia, mwambie daktari waziwazi. Huko si kukosa subira wala kukosa imani. Sonona inatibika, na usingizi hurudi inapotibiwa.

Diazepam nayo. Inakaa mwilini muda mrefu, na kwa mtu mzima muda zaidi: nusu kidonge ya usiku huu bado imo kwenye damu kesho mchana na hata kesho kutwa. Kwa hiyo sehemu ya kusinzia kwako mchana inaweza kuwa inatoka humo. Chama cha madaktari wa wazee cha Marekani kinaiweka kwenye orodha ya dawa za kuepukwa kwa watu wa miaka 65 na zaidi, kwa sababu ya kuanguka, kuvunjika nyonga na kupoteza kumbukumbu. Lakini, mama, USIIACHE GHAFLA. Baada ya mwaka mzima, kuikata siku moja kunaweza kuleta kutetemeka, hofu kubwa, hata degedege. Daktari aliyeiandika au mwingine akupangie kuipunguza kidogo kidogo kwa wiki nyingi. Mueleze kwamba umeanza mazoezi na umebadili saa za kulala, itamrahisishia kazi. Na muuza duka la dawa akikushauri Piriton, ile dawa ya mafua na mzio, badala yake, kataa. Kwa umri wako nayo inalewesha, inakausha mdomo na inachanganya akili.

Ningekuficha kitu kama nisingekuambia kwamba ipo tiba iliyoishinda taichi. Ni ile ya kurekebisha mazoea na fikra zinazohusu usingizi, inayofanywa na mtaalamu kwa wiki kadhaa. Tangu mwaka 2016 chama cha madaktari bingwa wa magonjwa ya ndani cha Marekani kinataka ianze hiyo kabla ya kidonge chochote. Huyo huyo Irwin aliyefanya utafiti wa taichi aliilinganisha nayo kwa wazee, mwaka 2014, na taichi ikaachwa nyuma. Wataalamu wake kwetu ni wachache na wengi wako miji mikubwa, ila zile saa za kulala nilizokupa pale juu, pamoja na haya ninayokuambia sasa kuhusu saa nane, yametoka kwenye tiba hiyo.

Ukiamka saa nane, usisimame kufanya taichi. Ni usiku, una dawa mwilini, na presha hushuka mtu anaponyanyuka ghafla. Usiitazame saa wala simu. Keti ukingoni mwa kitanda kwanza, miguu ikanyage chini, uhesabu mpaka ishirini ndipo usimame. Kama ni msalani, taa ndogo ya ukutani iwe inawaka njia nzima. Ukirudi, jaribu zile pumzi za nne na sita ukiwa umelala. Baada ya kama robo saa ukiona macho hayafungi, toka kitandani, ukae kwenye kiti chumba kingine kwenye mwanga hafifu. Hapo soma, leta uradi, au swali tahajudi kama ndiyo desturi yako. Macho yakiwa mazito ndipo urudi kitandani. Wiki mbili za kwanza zitakuwa ngumu na mchana utachoka kuliko sasa, wengi hukata tamaa hapo. Hata kama usiku mzima umekwenda hivyo mpaka adhana, siku inayofuata kailula ibaki ile ile ya nusu saa, na kitandani usipande kabla ya saa nne na nusu.